Tela la Pikipiki Si Bomu, Waheshimiwa!

NDUGU msomaji, kama gazeti hili umelishika ukiwa kijiweni Buguruni, Tandika au Manzese, hebu literemshe kidogo uangalie barabarani. Achana na magari, angalia pikipiki. Haitapita robo saa kabla hujamwona kijana mwenzako amekalia tangi la mafuta kwa sababu kiti chote kimemezwa na matenga ya nyanya, magoti yamegusa usukani, na tenga la juu limepita kofia yake. Nyuma yake anakuja mwingine na magunia mawili ya mkaa, tena lumbesa, yamefungwa kwa mpira wa tyubu. Wa tatu kabeba mlango wa chuma, kaulaza kwa mapana kama mbawa za ndege.

Hao wote wanapita mbele ya trafiki. Wakisimamishwa, wanamalizana hapo hapo. Wakianguka, tunachanga, tunazika, tunarudi kijiweni.

Mimi sikubeba hivyo. Mimi nilifunga tela, na leo nataka nikueleze kilichonipata, maana naamini hata wewe unayesoma umewahi kuwaza jambo hili ukaogopa.

Pikipiki yenyewe ni XL kuukuu ya mjomba wangu, bwana shamba mstaafu, aliyoinunua kwenye mnada. Unazijua zile: ndefu, shokapu ndefu, matairi ya meno, zilizokuwa zikipanda milima na mapadri na mabwana shamba kabla hazijaja hizi za Kihindi na za Kichina. Injini ni ya sisi 125 tu, lakini gia yake ya kwanza ina nguvu kama punda, na matope ya Kivule, Majohe na Msongola haiyajui. Barabara za huko wakati wa masika kirikuu inazama, guta la matairi matatu linakwama, XL inapita. Kwa hiyo nikajiuliza swali la kitoto: kama inapita, kwa nini isivute?

Fundi wa kuchomelea akanitengenezea kitu cha futi nne kwa futi tatu, rimu mbili za pikipiki chakavu, sakafu ya mabanzi, viakisi vyekundu nyuma na taa iliyounganishwa na ya pikipiki. Likiwa tupu lina kilo 35 hivi. Siku ya kwanza nilitoka soko la Ilala na matenga mawili ya nyanya za mama kwenda kwenye genge lake Kitunda. Mzigo uko chini, usawa wa magoti, turubai juu, mimi nimekaa kitini kama binadamu. Sikuamini. Usukani ulikuwa mzito mikononi kama inavyotakiwa, siyo ule wepesi unaoujua wewe uliyewahi kubeba mzigo nyuma ya keria, ambapo gurudumu la mbele linaelea na ukigusa breki roho inakutoka.

Nilivuta hivyo wiki tatu. Wiki ya nne nikasimamishwa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Hiki nini?"

"Tela, mkuu."

"Umeona wapi pikipiki ina tela?"

Nikamwuliza kwa heshima zote anionyeshe kifungu kinachokataza, ili na mimi nijue. Hapo ndipo nilipokosea, ndugu msomaji. Kijana wa kidato cha nne kumwuliza mwenye sare kifungu! Niliandikiwa makosa matatu. Utakumbuka kwamba mwaka 2021 bunge la bajeti lilielezwa kuwa faini ya pikipiki inashushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, tukapiga makofi. Basi dawa yake imeshapatikana, unahesabiwa makosa matatu inarudi palepale. Nikalipa. Pikipiki nikapewa, tela likabaki kituoni. Kifungu sijaonyeshwa mpaka leo.

Sasa tuulizane bila jazba. Je, tela nyuma ya pikipiki ni hatari? Jibu langu ni ndiyo, likitengenezwa ovyo. Sitaki nikudanganye kwa sababu tu nimeonewa. Tela ambalo kiungio chake hakizunguki litakuua kwenye kona ya kwanza, maana pikipiki hukata kona kwa kulala na tela la magurudumu mawili halilali. Lazima kiungio kiruhusu mambo matatu: kupanda na kushuka, kwenda kushoto na kulia, na pikipiki kujilaza bila kulipindua tela. Fundi wangu alianza na bomba na bolti moja, nikakataa, tukatafuta kiungio cha mpira wa chuma.

Kingine ni mahali pa kufunga. Wengi wanataka kufunga kwenye keria au mkiani kabisa, na kwenye hizi pikipiki ndefu hilo ni kosa kubwa zaidi. Chuma cha mkiani ni chembamba, kiliwekwa kubeba kiti na taa, kitapasuka. Isitoshe, shokapu ndefu zinaufanya mkia kupanda na kushuka kila ukiingia shimoni, na tela linapigwa nao. Funga chini, kwenye ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, karibu na ekseli. Na mzigo mzito ukae mbele kidogo ya ekseli ya tela, ili kama sehemu moja ya kumi ya uzito iegemee kwenye kiungio. Ukiurundika nyuma, tela linaanza kutikisa mkia kama mbwa, na ukifika mwendo wa sitini linakuchukua wewe na pikipiki.

Breki ni za kuwahi, hasa mteremkoni, kwa sababu tela halina breki zake na linakusukuma. Unashuka kwa gia ndogo. Ukivuta mara kwa mara, badili sproketi ya nyuma uweke yenye meno mengi, la sivyo klachi utaila kabla ya mwezi kwisha. Kurudi nyuma ni kazi, teremka usukume kwa mkono. Halafu kuna jambo ambalo sisi wa mjini litatuuma kuliko yote: kupenya kwenye foleni, sahau. Unakaa nyuma ya daladala unavuta moshi kama mwenye gari. Mimi hilo lilinishinda tabia kwa siku mbili nzima.

Haya yote ni mambo ya kupimika na kuandikika. Wenzetu wameyaandika. Uingereza sheria inaruhusu pikipiki kuvuta tela, lakini kwa masharti: injini izidi sisi 125, tela lisizidi upana wa mita moja, na kutoka ekseli ya nyuma ya pikipiki mpaka mwisho wa tela isizidi mita mbili na nusu. Uzito wa tela na mzigo wake usizidi kilo 150 au theluthi mbili ya uzito wa pikipiki, ipi iliyo ndogo. Mwanafunzi wa udereva haruhusiwi kuvuta, na abiria hapandi ndani. Uzito wa tela likiwa tupu uandikwe juu yake.

Nikijipima kwa kipimo hicho naanguka, nakiri. Kwanza injini yangu ni ndogo. Pili, pikipiki ya kilo 120 ingeruhusiwa kuvuta kilo 80 pamoja na tela lenyewe, kwa hiyo mimi ningebaki na haki ya tenga moja, na siku ile nilikuwa na mawili. Afande angenishika kwa hilo ningenyamaza, ningelipa, ningepunguza tenga. Lakini hakunishika kwa hilo! Hakuwa na kipimo cha kunishikia. Alinishika kwa sababu kitu hicho hajakizoea.

Na wapo ambao kipimo chao si cha Kiingereza. Nchi ya Kambodia, maskini kama sisi na iliyopita kwenye mateso kuliko sisi, kwa miaka mingi ilibeba watu na mizigo kwa pikipiki ndogo, nyingi za sisi 100 na 125, zikivuta tela la magurudumu mawili. Wanaliita remork, neno walilobakiziwa na Wafaransa. Kiungio wanakiweka juu ya kiti cha nyuma, na watalii wa Kizungu wanaokwenda kuyaona mahekalu ya Angkor wamepandishwa humo kwa makundi. Siku hizi bajaji za Kihindi zimewabana, lakini waliosomesha watoto kwa tela wapo. Kule hawakungoja mwekezaji.

Usiniambie kwamba serikali yetu haijui habari za kufunga kitu kwenye pikipiki. Mwaka 2010, uchaguzi mkuu ukiwa mlangoni, ilitangazwa kwamba zinanunuliwa pikipiki 400 zenye kitanda ubavuni, za kubebea wagonjwa vijijini, hasa akina mama wajawazito. Wananchi tukaziita bajaji za wagonjwa, na wapinzani tulipiga kelele kwamba mama mwenye uchungu anastahili gari. Mimi leo nawauliza waheshimiwa kinyume chake: kama mama mjamzito aliweza kulazwa ubavuni mwa pikipiki kwenye barabara ya makorongo na ikawa maendeleo, tenga la nyanya likivutwa nyuma kwenye lami linakuwaje uhalifu? Au tofauti ni kwamba zile ziliagizwa na serikali, na hili langu limechomelewa na fundi wa mtaani ambaye hana wa kumpa asilimia?

Tazama pia mikopo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Vijana wanapangwa mistari, wanakabidhiwa pikipiki mbele ya kamera, mgeni rasmi anapanda moja anapigwa picha. Sote tunabeba abiria. Kila kona vijana kumi na watano, abiria wawili. Kijana mmoja akipata akili ya kuacha kugombea abiria akabebe mzigo, ananyang'anywa chombo chake. Hivi kweli mnataka tujiajiri, au mnataka tupige picha?

Mwezi Oktoba 2021 wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara, wengi walisukumwa mbali na mahali mzigo unaposhukia. Mama wa genge Kivule hawezi kukodi kirikuu kwa tenga moja, faida yote ingeliwa na nauli. Anamwita bodaboda, bodaboda anapakia mgongoni, na hayo ndiyo mazishi ninayoyasema. Huyo mama ndiye anayelihitaji tela kuliko mimi.

Ninachodai hakihitaji tume wala safari ya kujifunza Ulaya. Shirika la Viwango lipo, SIDO ipo, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam iko pale katikati ya jiji na wanafunzi wake wana kiu ya kazi za mikono. Wapewe matela matano, wavute, wapime, watuambie kilo ngapi kwa pikipiki ya aina gani, mwendo gani, kiungio gani, taa ngapi. LATRA na polisi waandike karatasi moja ibandikwe kila kituo. Kama itasema sisi 125 hapana, mjomba nitamrudishia XL yake nitafute ya sisi 150. Kama itasema marufuku kabisa, basi waandike na sababu, na siku hiyo hiyo wamkamate yule wa matenga manne mgongoni.

Na wewe kijana mwenzangu, usikimbilie kwa fundi leo ukachomelea chochote ukaingia nacho barabara ya Nyerere kwa sababu umenisoma. Anza na kiungio. Jaribu tupu kwenye uwanja wa mpira jioni, kata kona, funga breki ghafla, halafu weka kilo ishirini, uone. Cheni ya akiba ifungwe kati ya tela na pikipiki ili kiungio kikikatika tela lisiende kwa watoto wa shule.

Jumatatu iliyopita nilikwenda tena kuulizia langu. Lipo uani, gurudumu moja halipo, na ndani yake kuna mtu kapanga matofali. Nikaambiwa mhusika yuko safarini. Nilipokuwa natoka getini akapita kijana mmoja na matenga manne nyuma, amekalia tangi, hajiwezi, na afande wa zamu akampungia mkono.