Chama cha wafanyakazi huishi au hufa mahali pa kazi

Kila Mei Mosi viwanja vya Afrika Mashariki hujaa fulana na kofia za vyama vya wafanyakazi. Mabango hupita mbele ya jukwaa kuu, risala husomwa, kisha kila mtu hurudi kazini. Linabaki swali ambalo wanachama wengi hujiuliza mwisho wa mwezi wakitazama hati ya mshahara: chama kinachonikata fedha kinanifanyia nini siku nyingine zote?

Kenya imeonyesha jinsi uanachama unavyoweza kuyeyuka. Katikati ya 2019 chama cha walimu, KNUT, kilichoanzishwa 1957, kilikuwa na wanachama zaidi ya 180,000. Julai mwaka huo mahakama ilitoa uamuzi katika mgogoro wake na Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) kuhusu utaratibu wa kuwapandisha walimu vyeo. TSC iliutafsiri uamuzi huo kwa namna iliyowanyima wanachama wa KNUT nyongeza ya mishahara iliyokuwamo katika mkataba wa 2017-2021. Walimu wakajiondoa kwa makundi. Kufikia Juni 2021, Katibu Mkuu Wilson Sossion alipojiuzulu na nafasi yake kuchukuliwa na Collins Oyuu, chama kilikuwa kimebaki na sehemu ndogo tu ya wanachama wake.

Ni kweli kwamba mkono wa mwajiri ulikuwa mzito, na si haki kumlaumu mwalimu aliyefuata mshahara wake. Hata hivyo, somo lipo. Makato yanayopita moja kwa moja kwenye mshahara ni mapato ya uhakika kwa chama, lakini huwazoesha viongozi kupata ada bila kukutana na anayeilipa. Siku makato hayo yanapoguswa, kinachobaki ni uhusiano uliojengwa kwenye tawi. Kama haukujengwa, hakuna cha kukamatia.

Sheria zetu zimeliona hilo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakipa chama haki ya kuwa na wawakilishi mahali pa kazi: mmoja pale penye wanachama wasiozidi 9, watatu wakiwa 10 hadi 20, kumi wakiwa 21 hadi 100, na 15 wakizidi 100. Mwakilishi huyo humsimamia mwenzake kwenye kikao cha nidhamu, hupeleka malalamiko, huzungumzia usalama na afya, na hufuatilia iwapo mwajiri anatii sheria. Anastahili pia kupewa muda wa kazi hiyo bila kukatwa mshahara.

Tanzania ina pia mabaraza ya wafanyakazi, yaliyoanzishwa kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 ili wafanyakazi washiriki katika uamuzi. Katika taasisi za umma mabaraza haya bado hukutana na kujadili bajeti. Kasoro huja pale wajumbe wanapopewa makabrasha asubuhi ya kikao, wakapitisha, na wasirudi kuwaeleza waliowatuma. Baraza la namna hiyo ni muhuri tu.

Uganda inatupa upande mwingine wa picha. Chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, ATGWU, kimefungua mlango kwa vyama vya waendesha bodaboda wa Kampala. Dereva wa bodaboda hana mwajiri wa kumkata ada. Akilipa, ni kwa sababu ameona chama kikimsaidia stendi na barabarani. Hicho ndicho kipimo ambacho vyama vikubwa vya waajiriwa navyo vingepaswa kujipima nacho.

Kwa jumuiya yetu suala hili lina uzito wa ziada. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu mfanyakazi kwenda kufanya kazi katika nchi mwanachama nyingine, na inamhakikishia uhuru wa kujiunga na chama na kujadiliana na mwajiri kwa pamoja kwa kufuata sheria za nchi mwenyeji. Lakini mwalimu aliyevuka mpaka kwenda shule binafsi hatatetewa na itifaki siku anapofukuzwa bila kusikilizwa. Atahitaji mwenzake aliye palepale, anayejua taratibu za nchi hiyo na asiyemwona kama mgeni aliyekuja kushusha mishahara.

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la kanda, EATUC, lenye makao Arusha, lingeweza kuanzia hapo: kadi ya chama cha nchi moja itambuliwe na chama ndugu cha nchi ya pili, na wawakilishi wa matawi wafundishwe haki za wahamiaji. Navyo vyama vianze na mambo yasiyohitaji sheria mpya. Madai yapite matawini kabla ya kufika mezani. Sehemu ya ada ibaki tawini. Hesabu zibandikwe ukutani. Baada ya majadiliano, viongozi warudi kueleza kilichopatikana na kilichokosekana.

Mwajiri anayekaa mezani na katibu mkuu hujiuliza kwanza nyuma yake wamesimama wangapi. Jibu halipatikani makao makuu. Liko karakana, wodini na darasani.