Kufuta Windows Si Dawa ya Kila Kompyuta Inayozimika

Hoja iliyochapishwa kwamba kompyuta ya nyumbani inayozimika ovyo mjini Lubumbashi imeingiwa na virusi, na kwamba dawa yake ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, inastahili kukataliwa waziwazi, kwa kuwa inawapotezea watu kazi na picha zao bila kugusa chanzo. Windows yenyewe hutunza daftari la matukio, ambamo tukio namba 41 huonyesha kwamba mashine iliwaka tena bila kufungwa kwa utaratibu. Likiandikwa bila msimbo wa kosa, yafaa kuchunguza umeme na joto kabla ya programu.

Umeme wa Katanga, eneo lenye mji wa Lubumbashi, nao una historia yake: sehemu yake husafiri takriban kilomita 1,700 kutoka mabwawa ya Inga hadi mji wa Kolwezi, kwa njia iliyojengwa hasa kwa ajili ya migodi ya shaba, na volti 220 zinazotarajiwa majumbani si thabiti saa zote. Pawasaplai, yaani kifaa kinachozigeuza kuwa volti ndogo zilizotulia, huchakaa kwa misukosuko hiyo, na kapasita zake, vikopo vinavyohifadhi chaji, huvimba. Vumbi la kiangazi huziba feni, prosesa ikachemka na kujizima ili isiungue.

Fundi makini, basi, huhifadhi nakala za mafaili kwanza, husafisha feni, hujaribu pawasaplai nyingine, kisha hupima kumbukumbu ya RAM kipande kimoja kimoja. Virusi hutafutwa pia, lakini bila kuhukumiwa kabla ya ushahidi.