MWENYE KUUZA KITU KIBOVU LAZIMA AJIBU

Wandugu wa Lushebere, wa Rubaya na wa Walikale,

Katika maduka mengi ya inchi yetu, chini ya fakture kumeandikwa kwa Kifaransa: mali iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Mchimbaji ananunua tochi ya kichwa asubuhi. Jioni inazimika naye yuko ndani ya shimo. Akirudi dukani anaonyeshwa maneno yale, naye ananyamaza, kwani anafikiri ni sheria. Maneno yale si sheria. Mwuzaji ndiye aliyeyaandika.

Sheria ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Iliwekwa siku za Léopold II, wala haikuwekwa kwa kuwasaidia babu zetu. Lakini uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 haukuifuta. Leo ni ya kila raia, na asiyeijua ndiye anayeibiwa.

Kwanza, inamlinda mnunuzi. Kitu kikiwa na ubovu uliofichika tangu siku ya kuuzwa, hata kisifae kwa kazi yake, mnunuzi achague: akirudishe apewe feza zake, ao akishike arudishiwe sehemu ya bei. Mwuzaji aliyejua ubovu ule atalipa na hasara pia, na fakture haitamficha. Maneno yake yanaweza kumsaidia yule tu ambaye kweli hakujua. Lakini ubovu unaoonekana kwa macho siku ya kununua, mnunuzi hana la kudai.

Pili, inamlinda hata asiyenunua. Kifungu cha 258 kinasema kwamba anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake, lazima ailipe. Mtu akiuza kamba naye anajua imeoza, ikakatika na kumwumiza mchimbaji ambaye hakuinunua, mchimbaji huyo anaweza kudai. Lakini aonyeshe mambo matatu: kosa, hasara, na kwamba kosa lile ndilo lililoleta hasara ile.

Basi, fakture isitupwe. Kitu kibovu kishikwe vilevile kilivyo. Mashahidi waitwe. Turudi dukani upesi, kwa maana sheria haimngoji anayechelewa. Na walionunua mali moja mbovu waende pamoja.

Vita vimefanya njia ya kufika tribinali kuwa ngumu, lakini vita havifuti deni.

Wandugu, wazee wetu walidai inchi nzima wakaipata. Sisi tusishindwe kudai bei ya tochi.