Parachichi lililokataliwa liende wapi?

Stendi ya Makambako usiku, pale barabara ya Songea inapokutana na ile ya Tunduma, karai unalisikia kabla hujaliona. Viazi vya kwetu vinazama kwenye mafuta ambayo tangu asubuhi yameongezwa tu, hayajamwagwa, na sasa yana rangi ya kahawa. Nilimuuliza kijana wa chipsi kwa nini habadilishi. "Mzee, bei ya ndoo ya mafuta unaijua?" Simlaumu.

Ninaowagombeza ni wakulima wenzangu wa parachichi hapa Njombe. Mnunuzi akija anachagua safi za aina ya Hass za kupeleka nje. Zenye kovu na ndogo anatuachia. Tunawatupia nguruwe, kisha tunamtuma mtoto akalete chipsi.

Mafuta yenyewe si adui; inategemea ni ya aina gani na yanaliwa na nini. Ndani ya utumbo mpana kuna bakteria wanaokula nyuzinyuzi tusizoweza kuzisaga, nao hutoa asidi, mojawapo butireti, inayolisha ukuta wa utumbo. Wakikosa nyuzinyuzi na mlo ukajaa mafuta mazito, ukuta huo hulegea. Kwa panya imeonekana wazi: sumu za maganda ya bakteria hupenya hadi kwenye damu, mwili unaingia vita ya chinichini isiyokwisha, na insulini inapungukiwa nguvu. Kisukari cha aina ya pili kinaweza kuanzia hapo.

Parachichi lina mafuta laini ya jamii ya zeituni pamoja na nyuzinyuzi, vyote katika tunda moja. Huko Illinois, Marekani, watu wazima 163 wenye uzito uliozidi walifuatiliwa wiki 12. Waliokula parachichi kila siku walikutwa na bakteria wengi zaidi wa kuvunja nyuzinyuzi.

Utafiti wa karibu zaidi nasi ni wa Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2025. Vijana wa kiume 77 walishirikishwa: wa kijijini wakapewa vyakula vya kukaangwa na vya viwandani, wa mjini wakapewa maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa. Wiki mbili tu zilitosha damu ya wale wa kwanza kuonyesha dalili za ile vita ya chinichini, na ya wenzao kutulia. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe ya ndizi, nalo likapata nafuu. Wapenzi wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, wasishangilie mapema. Ile ilikuwa wiki moja, si mwaka mzima wa kilabuni.

Na shida ya lishe kwetu si chipsi tu: utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa unaosafirisha chakula! Parachichi peke yake halitaondoa udumavu, lakini halmashauri zingeweza kununua hayo yaliyokataliwa kwa ajili ya chakula cha mchana shuleni, yaliwe na dona, maharage na mnafu. Kijana wa stendi naye aweke kachumbari ya parachichi kando ya chipsi. Wateja watanung'unika wiki ya kwanza, kisha wataanza kuomba nyongeza.