Bi Harusi, Usiitenge Pilipili Boga Pembeni ya Sahani



Hivi karibuni tulikwenda kumtazama bi harusi aliyewekwa ndani. Nyumba yote inanukia udi na singo, hina imeshakorogwa, na juu ya meza ya vipodozi tukakiona kichupa kidogo cha seramu ya vitamini C, cha kupaka usoni asubuhi na jioni. Alipotutajia bei tulishika vifua. Kikaletwa chakula, wali na mchuzi wa kuku. Bi harusi akala vijiko vichache kwa kuogopa gauni lisimbane, kisha akaanza kuokota vipande vya pilipili boga kimoja kimoja na kuvipanga pembeni ya sahani. Tulitazamana tukanyamaza, nyumba ya watu ile. Leo tunasema.

Vitamini aliyoinunua kwa bei ile ndiyo aliyoiweka pembeni. Gramu 100 za pilipili boga mbichi ya kijani zina kiasi cha miligramu 80 za vitamini C, na nyekundu hupita 120. Mwanamke mzima anahitaji kama miligramu 75 kwa siku, na mjamzito 85. Kwa hiyo pilipili boga moja ya wastani, ikiliwa mbichi, inamtosha kwa siku nzima. Na mwili unaihitaji vitamini hiyo ili utengeneze kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi. Hatusemi kichupa kitupwe, wala hatumwahidi mtu kuwa ataamka kang'ara. Tunasema ngozi hulishwa pia kwa mdomo.

(Wenzetu wa bara wanaiita pilipili hoho. Huku kwetu ukimwambia bibi hoho anaweza akafikiria ile ya kuwasha, kwa hiyo mkisoma mapishi ya watu msije mkaichoma midomo ya wakwe.)

Kuna kisa kimoja tunakipenda. Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria, alikuwa akihangaika miaka ya 1930 kutafuta kitu kitakachompa vitamini C kwa wingi ili aichunguze. Usiku mmoja nyumbani kwake kikaletwa chakula chenye pilipili nyekundu mbichi. Mwenyewe alisimulia kwamba hakuwa na hamu ya kuila, akaona njia ya kujinasua ni kuichukua aende nayo maabara. Kufika saa sita ya usiku ameshajua kuwa amepata hazina. Mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo wenye waume wanaochagua mboga, vumilieni, ingawa wa kwenu wakiiacha hawaendi nayo maabara.

Lakini linalotuuma zaidi ya ngozi ni damu. Utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionesha kuwa zaidi ya wanawake 4 katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Bi harusi wetu anaingia fungateni ameshinda siku kadhaa anajinyima kwa ajili ya gauni, na Mungu akijaalia, baada ya miezi michache ni mjamzito. Akifika kliniki anaambiwa damu ndogo, na kila mtu anashangaa, maana kwao walikuwa wakila mchicha na maharage. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha, kisamvu na maharage mwili huyapokea kwa shida. Vitamini C ikiliwa katika mlo huohuo huyasaidia kupokewa. Chai hufanya kinyume chake, na sisi tunaishushia chai ya rangi hapohapo kabla sahani haijaondolewa. Isubirini hata saa moja. Vidonge vya kliniki bakini navyo, pilipili boga haichukui nafasi yake.

Sasa jikoni, na hapa tunajilaumu wenyewe. Sisi tumezoea kuisaga pilipili boga pamoja na tungule na thomu, tukaimimina sufuriani ichemke na bizari mpaka mafuta yaelee juu. Harufu nzuri, hatukatai, na mchuzi wa pweza bila hiyo hatuutaki. Ila vitamini C haistahamili moto mrefu, na huyeyukia majini. Kwa hiyo igaweni. Nusu iende kwenye mchuzi kwa ajili ya ladha, nusu ikatwe nyembamba iingie kwenye kachumbari, ikamuliwe ndimu, iliwe mbichi na hayo maharage ya nazi. Mkiweka kwenye mchicha, itieni mwisho, mzime moto, mfunike dakika mbili. Kwenye mishkaki isiachwe mpaka ikawa mkaa. Na anayepata kiungulia akiila mbichi aibabue ganda kwenye jiko, alimenye, ale nyama yake.

Jambo jingine ni rangi. Ile ya kijani ni changa tu. Ikiachwa mtini huiva ikawa nyekundu, na nyingine manjano. Nyekundu ni tamu zaidi, na ile rangi inayogeuka vitamini A mwilini ni nyingi mara kadhaa kuliko kwenye kijani, nayo hupokelewa vizuri ikiliwa na mafuta kidogo au tui. Sokoni tumewahi kuona zilizoanza kugeuka rangi zikitengwa upande, kwa kuwa mteja anadhani zinaharibika. Zishikeni. Kama ni ngumu na ganda linang'aa, chukueni, tena mwombe na kupunguziwa.

Na neno letu kwa masomo wanaowafunda watoto wetu. Mnawafundisha kumpikia mume, kumpokea mavyaa, kupakua sahani ikapendeza. Mbona hamuwafundishi kujipakulia? Tumeshuhudia bi harusi wengi ambao mwaka wa kwanza wote wanakula mwisho, kilichobaki sufuriani, na kachumbari imekwisha zamani mezani kwa wanaume. Mwili ni amana aliyopewa na Mola wake, na mtoto atakayemzaa atajengwa kwa damu hiyohiyo. Mwambieni atenge kibakuli chake kabla chakula hakijatoka jikoni, na wala asione haya.

Sisi Alhamisi tunarudi kule kwa bi harusi, In sha Allah, na bakuli la kachumbari yenye pilipili boga mbili nyekundu, kotimiri na ndimu. Gauni tumeliuliza kwa fundi, lina nafasi ya kuachia pande zote mbili.