Nyumba Haihami: Njia za Gazeti Zipangwe kwa Anwani

Gazeti ni bidhaa yenye maisha mafupi kuliko nyanya. Nyanya ya jana bado huuzwa leo kwa bei ya chini. Gazeti la jana huuzwa kwa kilo, likafungie maandazi na karanga. Kazi yote ya mwandishi, mhariri na mpiga chapa huamuliwa katika saa mbili au tatu za alfajiri, pale msambazaji anapotoka na furushi lake. Akikosea mlango, mali imeharibika.

Pamoja na ukweli huo, wawekezaji wengi wanapoitazama kampuni ya magazeti huuliza mambo matatu tu: nakala ngapi zinachapwa, matangazo yanaingiza kiasi gani, na gawio litakuwa shilingi ngapi kwa hisa. Ni nadra kumsikia mwenye hisa akisimama katika mkutano mkuu wa mwaka na kuuliza njia za usambazaji zimeandikwaje ndani ya kompyuta. Swali hilo huonekana kuwa la mafundi. Kwa hakika ni swali la mwenye mali, kwa sababu jibu lake ndilo linaloonyesha kama kampuni inalijua soko lake au inalibahatisha.

MAJINA AU MILANGO

Programu za kompyuta za kusimamia usambazaji wa magazeti huweza kupangwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kupanga njia kwa majina ya wateja. Msambazaji hupewa orodha ya watu wanaolipia, na kila jina limeandikiwa mahali linapokaa. Mteja akiacha kulipa, jina hufutwa na nyumba yake hufutika pamoja nalo.

Namna ya pili ni kupanga njia kwa anwani. Hapa kinachoandikwa kwanza ni nyumba zote za mtaa, wenye nyumba wawe wananunua gazeti au hawanunui. Kila nyumba hupewa nafasi yake katika mwendo wa msambazaji, kisha mteja huambatanishwa na nyumba, pamoja na tarehe aliyoanza na tarehe aliyoacha. Akihama, nyumba hubaki kwenye orodha ikisubiri mpangaji mwingine.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini mfano wa hesabu unaidhihirisha. Chukulia njia yenye nyumba 200 na wateja 80. Katika mwaka mmoja wateja 20 wanaacha na wengine 20 wanaingia. Orodha ya majina itasema wateja ni 80 kama mwaka jana, na meneja atalala usingizi. Orodha ya anwani itasema kwamba gazeti linaingia katika nyumba 40 kwa kila 100. Itasema pia kwamba walioacha wote wanatoka barabara moja iliyo mwisho wa njia, ambako gazeti hufika jua likiwa limekwishachomoza. Orodha ya kwanza imetoa idadi peke yake, na ya pili imetoa sababu.

Upo pia upande wa gharama. Chukulia kwamba mafuta ya pikipiki kwa mzunguko mmoja ni shilingi 4,000. Kwa nakala 80, kila nakala imebeba shilingi 50 za mafuta. Wateja wakipungua hadi 40, pikipiki itapita barabara zile zile, na kila nakala itabeba shilingi 100. Msambazaji anayelipwa kwa nakala ndiye huumia kwanza: mwendo ni ule ule, ujira umepungua nusu. Mwezi wa pili au wa tatu ataacha kazi, na kampuni itamwita mzembe. Mwenye orodha ya anwani angeliona jambo hilo mapema, akaziunganisha njia mbili zenye wateja wachache kuwa moja kabla msambazaji hajaondoka.

JINSI INAVYOPANGWA

Kupanga njia kwa anwani si uganga, lakini kunataka subira. Jambo la kwanza ni kuivunja anwani vipande: namba ya nyumba, jina la barabara, ghorofa au mlango, mtaa na postikodi, kila kimoja katika nafasi yake. Anwani ikiandikwa yote katika mstari mmoja, kompyuta haiwezi kuipanga wala kutambua kwamba nyumba imeandikwa mara mbili. Karani mmoja akiandika "Barabara" na mwingine "Brb.", mashine itaona njia mbili mahali palipo na moja.

Jambo la pili ni kuandika kila barabara kwa vipande, kutoka namba ya kwanza hadi ya mwisho, na kutenganisha upande wa namba witiri na upande wa namba shufwa pale ambapo nyumba zimehesabiwa hivyo. Mara nyingi upande mmoja wa barabara huwa wa msambazaji huyu na wa pili wa mwenzake. Mteja mpya akipiga simu, karani huingiza anwani na programu humwambia papo hapo ni njia ya nani. Bila ya hivyo karani atakisia, na mteja atakaa siku tatu bila gazeti.

Jambo la tatu ni mfuatano. Nyumba zisipewe 1, 2, 3, bali 10, 20, 30, ili ikijengwa nyumba mpya katikati ipewe 15 bila kuvuruga orodha nzima. Jambo la nne ni kutenganisha anayelipa na anayepokea, kwani ofisi inaweza kulipia gazeti linalopelekwa nyumbani kwa mkurugenzi. Kadhalika maelekezo yatenganishwe. Mbwa mkali getini ni habari ya nyumba, nayo ibaki hata mpangaji akibadilika. Ombi la kusukuma gazeti chini ya mlango ni habari ya mteja, nalo liondoke naye.

Jambo la mwisho, ambalo kampuni nyingi zenye haraka huliruka, ni kuichapa orodha mpya, kumpa msambazaji wa zamani wa njia hiyo, na kumwomba aipite kwa miguu au kwa pikipiki alfajiri. Yeye anajua uchochoro usiopitika wakati wa mvua na geti linalofunguliwa saa kumi na mbili tu. Ni busara orodha ya zamani na mpya ziende sambamba kwa majuma mawili kabla ya kuitupa ya zamani.

FUNZO LA BOSTON

Anayedhani hatua hiyo ya mwisho ni anasa na atazame yaliyolipata gazeti la Boston Globe la Marekani. Tarehe 28 Desemba 2015 gazeti hilo lilibadili kampuni inayolisambazia nakala majumbani. Lengo lilikuwa kupunguza gharama na malalamiko. Kampuni mpya ilikuja na njia zilizochorwa na kompyuta. Siku chache hazikupita, maelfu ya wateja wakaamka bila gazeti, na simu za malalamiko zikaizidi nguvu idara ya wateja.

Mwanzoni ilielezwa kwamba wasambazaji walikuwa wachache. Walikuwa wachache kweli, lakini taarifa za wakati ule zilionyesha pia kwamba njia zenyewe hazikuwa na mfuatano wa maana. Dereva alitakiwa kukatiza mji huu na ule, kisha kurudi alikokwishapita. Usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 3 Januari 2016 waandishi, wahariri na wafanyakazi wengine, zaidi ya 200, waliingia mabohari na kuyapeleka magazeti wenyewe kwa magari yao. Siku chache baadaye mmiliki, John Henry, aliwaomba radhi wasomaji katika gazeti hilo hilo, na kampuni ya zamani ikaitwa tena kuchukua karibu nusu ya njia.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hapakuwa na uhaba wa anwani. Marekani ilianza kutumia namba za posta mwaka 1963 na kuziongezea tarakimu nne mwaka 1983. Kwa ajili ya sensa ya mwaka 1990, idara ya sensa ilitengeneza ramani ya kompyuta iitwayo TIGER, ambayo mijini ilionyesha kila kipande cha barabara kwa namba zake za nyumba, kushoto na kulia. Nchi yenye utajiri huo wa anwani bado ilishuhudia gazeti kubwa likishindwa kufika mlangoni. Kompyuta ilijua nyumba zilipo. Ujuzi wa kuzifikia kwa mpango ulikuwa kichwani mwa wasambazaji wa zamani, na haukuandikwa popote.

Wenye hisa wana sababu ya kulitafakari hilo. Kampuni ya New York Times ililinunua Boston Globe mwaka 1993 kwa dola bilioni 1.1. Mwaka 2013 ililiuza kwa Henry, pamoja na mali nyingine za magazeti za eneo hilo, kwa dola milioni 70. Anguko hilo lilitokana na mambo mengi, hasa matangazo kuhamia kwenye intaneti, na kosa la njia lilikuja baada yake. Lakini linaonyesha kwamba mitambo na majengo si mali ya kudumu kama ilivyodhaniwa. Gazeti linapopungukiwa na matangazo, kinachobaki ni mteja anayelipa na mlango wake, na huyo ndiye aliyekoseshwa gazeti mwishoni mwa mwaka 2015.

FAIDA YA NYUMBA ISIYONUNUA

Wapo watakaosema kwamba kuandika nyumba zisizonunua gazeti ni kupoteza muda wa makarani. Magazeti ya Marekani yalikwishalijibu hoja hiyo kwa vitendo. Wenye maduka makubwa walitaka vipeperushi vyao vifike kila nyumba ya eneo fulani, si kwa wasomaji pekee. Gazeti lililokuwa na orodha ya anwani zote liliweza kupeleka vipeperushi ndani ya gazeti kwa wateja, na katika bahasha ya matangazo kwa wasio wateja, bila kumpa mtu mmoja mara mbili. Lililokuwa na majina ya wateja tu liliiacha fedha hiyo iende kwa posta na washindani.

Hoja yenye uzito zaidi ni ile ya faragha na gharama. Orodha ya nyumba zote ni kitu cha kutunzwa, na kampuni haina sababu ya kujua zaidi ya mahali mlango ulipo. Aidha, gazeti dogo linalouza nakala zake zote kwa wachuuzi wa vituo vya daladala halina haja ya kununua programu ya bei kubwa. Kwake orodha ya vituo, nakala zilizotolewa na nakala zilizorudi inatosha. Hata hivyo kanuni ni ile ile: kihesabiwe kituo, si mchuuzi. Mchuuzi akiondoka, kituo kipo.

HAPA NYUMBANI

Kwa miaka mingi suala hili halikuwagusa sana wafanyabiashara wa Tanzania, kwa kuwa barua ziliishia kwenye sanduku la posta na nyumba ilielekezwa kwa mwembe, msikiti au duka la jirani. Hali imebadilika. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima kabla ya sensa ya Agosti 23 mwaka huo. Nyumba zikapewa namba, barabara zikapewa majina na vibao, juu ya postikodi ya tarakimu tano inayotambulisha kata.

Namba hiyo iliyopigwa ukutani ni mtaji ambao wafanyabiashara wengi wanapita mbele yake kila siku bila kuuokota. Muuza gesi, muuza maji ya chupa, mwenye kiwanda kidogo cha mikate, wote wana njia za kusambaza, na wengi bado wanazitunza kichwani mwa kijana mmoja wa bodaboda. Kijana huyo akipata kazi nyingine, njia imekwenda naye. Daftari la kurasa 100, lililopangwa kwa barabara na namba ya nyumba kwa mwendo wa kijana huyo, lingeliokoa biashara hiyo hata pasipo kompyuta.

Kwa mwekezaji mdogo, swali la kuuliza ni rahisi. Hisa za Nation Media Group, wachapishaji wa magazeti wa Nairobi, ziliorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2011, kwa hiyo biashara ya magazeti si ya kutazamwa kwa mbali. Anayenunua hisa za kampuni yoyote inayoishi kwa kufikisha bidhaa mlangoni aulize mambo matatu: Je, kampuni inazijua nyumba zote za eneo lake au wateja wake tu? Je, msambazaji akiacha kazi leo, mwingine anaweza kuifuata njia yake kesho alfajiri kwa karatasi iliyochapwa? Je, mara ya mwisho karatasi hiyo ilikaguliwa lini na mtu anayeitembea njia yenyewe?

Wakurugenzi wakijibu kwa kutaja bei ya kompyuta walizonunua, mwenye hisa ajue kwamba hajajibiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya kusambaza, daftari hilo ni la milango, na aliyelitunza ndiye mwenye soko hata siku wateja wanapohama.