Kabla ya kulipa fomu, watuonyeshe hesabu

Ndugu vijana wa Bunyakiri, matokeo ya Egzeta ikitoka tu, swali ni lile lile: "Niko na 62, UCB itanikubali?" Hatuwezi kujibu. Na yule mkubwa anayekuahidi nafasi kwa simu, hawezi pia.

Asilimia 50 inakupa diplome ya Serikali, haikupi kiti. Vyuo vya binafsi kule Bukavu, kama UCB iliyoanza 1989 ao UEA, vinajichagulia wanafunzi. Tuseme watu 300 wanaomba udaktari na viti ni 60: ni mmoja kwa watano. Na kati ya hao watano kuna mtoto wa mjini aliyegusa laboratware, na wewe uliyesoma kemia kwa ubao tu.

Ongeza njia ya kupitia pori ya Kahuzi-Biega, nyumba ya kupanga, minervali ya dola. Elimu ya bure ya 2019 iliishia kwenye shule ya msingi, wazazi wetu wanajua hiyo vizuri.

Kwa hiyo tunadai: kila chuo cha binafsi, mbele ya kuuza fomu, kibandike viti ni ngapi, mwaka jana waliomba wangapi, na wa mwisho kuingia alikuwa na asilimia ngapi. Mzazi aliyeuza mbuzi juu ya hiyo fomu ana haki ya kujua.

Kwa sasa, weka dosie pia UOB ao ISP, ni za Serikali. Sisi tutaandikia vyuo, kimoja kimoja. Majibu tutayabandika hapa. Wakinyamaza, hiyo pia tutabandika.